Mbili Kati ya Kumi

Septemba 29, Jumatatu

Mwalimu wa kisomo ametugawia madaftari. Amesema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, na ukikosea herufi hakuna atakayekupiga. Mimi niliacha shule darasa la tatu nikalee wadogo zangu. Sasa nina miaka sitini na miwili, na kibanda cha kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili, na mboga nyingine za chumvi hapa sokoni Incheon. Basi mstari wangu ni huu: figili zote zimekwisha, mgongo unauma, si kitu.

Oktoba 1

Mvua kutwa. Wateja wanne.

Oktoba 5, Jumapili

Kesho sikukuu ya mavuno. Narae amekuja na kikapu cha pea na bahasha. Nilidhani ni hela, kumbe ni kadi ya kliniki ya ngozi huko Gangnam kwa matajiri, imeandikwa jina langu. Yeye anaolewa Desemba sita, na siku hizi mtoto mwenye adabu humlipia mama yake akazwe uso kabla ya harusi. Zamani tuliwanunulia wazazi nguo za ndani nyekundu, wakafurahi.

"Hakuna kisu, Mama. Ni mashine ya joto, linaingia chini ya ngozi na kuivuta. Mara mbili tu."

"Inauma?"

"Kidogo. Wanapaka dawa ya ganzi. Mama Gyumin huenda kila mwaka na hajafa."

Mama Gyumin ndiye mama wa bwana harusi, mke wa daktari wa meno. Najua kadi hii imetoka wapi. Mwezi wa nane, siku familia mbili zilipokutana kula pamoja, mhudumu alimwita yeye dada, mimi akaniita bibi na kuniletea mto wa kuegemea mgongo. Tumezaliwa mwaka mmoja, mwaka wa sungura. Narae aliinamia sahani yake, masikio yamemwiva. Mimi nilicheka kuliko wote, nikafika nyumbani nikavunja bakuli.

Zawadi ya mtoto haikataliwi. Nimesema asante. Nimesema pia kwamba mimi nilimzaa yeye bila sindano, nikiuma taulo usiku na mchana, mashine itanifanya nini.

Oktoba 9

Nimesaga pilipili. Macho yanawasha.

Oktoba 14, Jumanne

Kliniki iko ghorofa ya tisa, sakafu inang'aa mpaka niliogopa kuikanyaga. Muuguzi, Bi Chae, binti mwenye kucha fupi safi, alinivua pete na hereni, akanipaka usoni dawa nyeupe nzito kama uji, kisha akanifunika kwa karatasi ya nailoni, vilevile ninavyofunika mabakuli yangu kibandani.

"Subiri dakika arobaini, Mama. Uso ukifa ganzi utaniambia."

Nikalala. Pembeni kuna mwanasesere wa mpira wa kuminya ukiumia. Nilimwonea aibu, nikamgeuzia kisogo.

Daktari Bong ni kijana, angeweza kuwa mtoto wa dada yangu. Alinibandika kitu chenye waya mgongoni, akashika mashine yake kama pasi ndogo. Akasema, "Mama, kila nikikupiga utaniambia joto ni ngapi, kutoka moja mpaka kumi. Ganzi haiui maumivu yote, na hatutaki iyaue yote. Namba yako ndiyo inayoniongoza."

Pigo la kwanza. Ni kama mtu amekugusa kwa mfuniko wa sufuria iliyo motoni, halafu akakupulizia barafu kabla hujapiga kelele.

"Ngapi, Mama?"

"Mbili."

"Mbili? Mama ni shujaa. Wasichana hapa hulia."

Kusema kweli nilifurahi. Sijasifiwa na daktari tangu nizaliwe. Akaongeza joto. Nikasema mbili. Akaongeza tena. Mapigo mia tatu, na kila akiuliza, mbili.

Narae alikuwa ananisubiri nje. "Iliuma?"

"Kama mbu."

Alinishika mkono mpaka stesheni, jambo ambalo hajafanya tangu alipokuwa mdogo. Uso ulikuwa umeumuka kama unga wa mandu, vile viandazi vyetu vya nyama, lakini nilitembea nikiwa nimeinua kichwa.

Daftari halina mdomo, kwa hiyo naandika hapa. Haikuwa mbili. Ilikuwa saba.

Oktoba 15

Wateja wanauliza kama nina jino bovu.

Oktoba 20

Mwalimu alitaka tusome kwa sauti. Nikasoma ile ya pilipili.

Oktoba 26

Mama Gyumin amepiga simu. Sauti yake ni laini kama tofu.

"Mkwe mwenzangu, nimesikia unarudi kule tarehe nne. Meza vidonge viwili vya maumivu kabla hujatoka nyumbani, wao huvitoa wamechelewa. Na ukiona ganzi haijashika, waambie wakuongezee. Mimi huwaambia. Mara nyingine nawaambia wasimame kabisa nipumue."

"Asante, mkwe mwenzangu. Mimi haiumi."

"Haiumi?"

"Sisi wa sokoni ngozi zetu zimezoea."

Akaniaga vizuri. Nilipokata simu nikaziambia kabichi: huyo ndiye mwanamke anayesimamisha mashine apumue. Huyo ndiye atakayeitwa Mama na mwanangu.

Oktoba 30

Baridi imeshuka. Vidole vimepasuka kwa chumvi.

Novemba 4, Jumanne

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Kliniki ilikuwa imejaa. Ni msimu wa harusi, halafu wametangaza punguzo la bei la vuli, wanawake wamekaa mpaka kwenye ngazi. Bi Chae alinipaka ile dawa na kunifunika. Mbele yangu ukutani kuna saa, nayo nimeisoma vizuri, kisomo kimenifunza. Ilikuwa saa tano na dakika tano. Saa tano na dakika ishirini na moja akaja na taulo, akaanza kunifuta.

"Binti, bado."

"Inatosha, Mama. Dawa hii ina nguvu."

"Ni dakika kumi na sita. Juzi ulisema arobaini. Shavu bado linahisi."

"Mama, kuna wengine tisa nyuma yako. Daktari anakusubiri."

Mimi kazi yangu ni kuweka vitu kwenye chumvi na kungoja. Kabichi ukiitoa kabla ya saa zake, nje imelainika na ndani bado mbichi, na hata ukiipaka pilipili ya dunia nzima haitafaa. Ndivyo uso wangu ulivyokuwa, nje umekufa, ndani uko hai. Nilijua. Nikanyamaza. Walikuwa tisa nyuma yangu, na Narae amelipia, na nani anataka kuwa yule mama mshamba anayesumbua.

Daktari Bong aliingia anakimbia. "Mama wa mbili," akasema, akacheka, akaanzia pale pale tulipoishia mara ya kwanza, juu kabisa.

Shavu la kulia, nane. Nikasema mbili. Shavu la kushoto, nane. Mbili. Alipofika kwenye mfupa wa taya niliona weupe machoni. Nilishika ukingo wa kitanda, miguu ikajikunja yenyewe chini ya blanketi.

"Mama, ngapi hapo?"

Mdomo ulikuwa wangu. Hakuna aliyeuziba.

"Mbili. Endelea."

Aliendelea. Bi Chae ndiye aliyeona kwanza. Aliinama kwenye taya yangu, akatoka kwenda kuleta barafu. Daktari akasema ni wekundu tu, kesho utaisha.

Novemba 5

Haukuisha. Umekuwa lengelenge, refu kama kidole cha mtoto, limefuata mfupa wa taya. Wazee husema mvumilivu hula mbivu. Mimi nimekula malengelenge.

Novemba 7, Ijumaa

Narae ameliona. Nilikuwa nimevaa barakoa, akaivuta mwenyewe. Akaniburuta mpaka Gangnam.

Tuliketishwa kwenye chumba cha maua. Akaja Daktari Bong na meneja, mama mmoja mwembamba mwenye faili. Meneja akalifungua akatuonyesha, kwa heshima kubwa, kama mtu anayekuonyesha picha za watoto wake.

"Mama aliulizwa mara kumi na nane. Mara zote kumi na nane alijibu mbili. Hii hapa, mbili, mbili, mbili."

"Mama, sisi hufuata maneno yako," akasema Daktari Bong. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia taya. Nadhani alijisikia vibaya kweli. "Ungesema tano ningeshusha."

Nikamuuliza, "Na dakika zangu arobaini zilifuata maneno ya nani?"

Meneja akauliza dakika zipi.

"Zile za dawa. Kumi na sita. Ziko kwenye faili?"

Hazikuwemo. Palikuwa na mahali pa kuandika muda wa dawa, pameachwa wazi. Basi kalamu ilikuwa mezani, nikaichukua. Sikuomba ruhusa. Nikaandika pale palipoachwa wazi, kwa herufi zangu kubwa zinazopanda kilima: DAKIKA 16. NILIMWAMBIA BADO.

"Mama, wagonjwa hawaruhusiwi kuandika hapo."

"Nimekwisha kuandika."

Wakatupatia dawa ya kidonda, na kadi nyingine, mara moja bure, kwa kusikitika. Nikaiacha mezani.

Kwenye lifti Narae akaniuliza, "Kwa nini hukusema, Mama?"

"Nilikuwa nakutunzia heshima."

"Heshima ipi? Utawasha mshumaa wa mama wa bibi harusi mbele ya watu mia tatu ukiwa na taya iliyoungua, halafu unaniambia heshima?"

Akalia mpaka ghorofa ya chini. Sikumshika. Nilikuwa nawakasirikia wote wale, na nilimkasirikia na yeye pia, na sikujua naanzia wapi.

Novemba 8

Hasira.

Novemba 9

Hasira. Lengelenge limepasuka.

Novemba 13, Alhamisi

Leo wanafunzi wanafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, soko limefunguliwa kwa kuchelewa. Saa sita nimeinua kichwa, namwona Mama Gyumin amesimama mbele ya kibanda na viatu vyake vya ngozi kwenye maji ya kabichi.

Sikumkaribisha kiti. Nimwandike alivyokuwa, kwa haki yake: alikaa mwenyewe juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Nionyeshe."

"Si kitu."

"Nimekuja kwa treni saa nzima, mkwe mwenzangu. Nionyeshe."

Nikashusha barakoa. Aliangalia muda mrefu. Kisha akainua nywele nyuma ya sikio lake. Kuna kovu, bapa, linang'aa kama sarafu.

"Miaka sita sasa. Mimi nilisema moja," akasema. "Wewe angalau ulisema mbili."

"Wewe?"

"Mume wangu alinipeleka kwa rafiki yake. Akaniambia njiani, usiniaibishe, mke wa daktari halalamiki. Nikanyamaza kama maiti. Tangu siku hiyo ninapiga kelele kabla hawajawasha umeme. Wauguzi wananichukia, najua. Wananiita Bibi Ving'ora."

Nilicheka, na taya ikauma. Nikampa kipande cha kimchi mbichi mkononi, akala, akasema chumvi imekolea. Imekolea kweli. Mwanamke huyu nilimtukana mbele ya kabichi.

Alipokuwa anaondoka akasema, "Jumanne nitakuwa Busan, sitaweza kwenda naye. Wewe utakwenda?"

"Na nani? Wapi?"

Akajua kwamba sikujua. Alitaka kurudisha maneno, hayakurudi. Narae amerudi kule akaichukua ile kadi ya bure. Jumanne tarehe kumi na nane watampiga yeye usoni, kwa mashine ile ile, siku kumi na nane kabla ya harusi.

Novemba 14

Nimempigia Narae. "Mama, ndiyo maana sikukuambia. Bibi harusi wote wanafanya. Daktari atakuwa mwangalifu, hawezi kurudia." Nimemwambia asiende. Ameniambia nina kazi nyingi, nipumzike. Akakata.

Novemba 16

Sikulala. Ninaiona taya yake.

Novemba 18, Jumanne

Naandika polepole ili nisisahau chochote.

Nilifika kliniki kabla ya Narae, nikakaa kwenye ngazi. Aliponiona uso ukambadilika, lakini hakutaka watu watuangalie, akapita. Nikamfuata ndani. Bi Chae akasema ndugu husubiri nje. Nikamwonyesha taya yangu. Akaniletea kiti.

Akampaka Narae dawa, akamfunika. Nikaiangalia saa. Ilipofika dakika ya ishirini akaja na taulo.

"Bado," nikasema.

"Mama..."

"Binti, bado."

Akarudi na taulo lake. Dakika ya arobaini akaja tena bila kuambiwa, na safari hii akaandika muda kwenye faili. Nilimwona.

Daktari Bong aliingia, akaniinamia sana. Akaanza kwa joto la chini. Hilo nalikubali, alianza chini.

"Dada Narae, ngapi?"

"Mbili."

Nywele zilinisimama. Si kwa sababu ya namba. Sauti ile ilikuwa yangu. Ilikuwa nyepesi, ya kuomba radhi, ya mtu anayepisha njia. Daktari akaongeza.

"Ngapi?"

"Mbili. Niko sawa."

Nikaangalia mwisho wa kitanda. Wanawavalisha wagonjwa soksi nyeupe. Vidole vya mwanangu vilikuwa vimejikunja ndani ya soksi kama ngumi mbili. Daktari hawezi kuona vidole, yeye anaangalia uso, na uso wa Narae ulikuwa unatabasamu. Mkono wa daktari ukaenda kuongeza tena.

Nikasimama, nikauweka mkono wangu juu ya wake.

"Usiongeze. Anadanganya huyo."

"Mama, toka nje," akasema Narae. Macho kayafumba.

"Anadanganya. Nimemfundisha mimi."

Ikawa ile hewa ya baridi tu inapuliza. Daktari akauliza kwa upole, "Dada, kweli ni ngapi?"

"Nimesema mbili. Yeye si mgonjwa, mimi ndiye mgonjwa, nimesema mbili."

Daktari Bong akaiangalia miguu ya Narae. Akaiangalia taya yangu. Akaiweka mashine chini. "Siwezi kuendelea," akasema. "Sijui niko wapi."

Narae akajibandua waya mwenyewe, akavaa, akatoka na dawa bado iko kwenye nywele.

Ndani ya treni alikaa mbali nami viti viwili. Tulipovuka mto akahamia karibu, nikadhani yamekwisha. Akaongea akiangalia dirisha.

"Unakumbuka nilipovunjika mkono, darasa la sita?"

"Nakumbuka. Hukulia hata kidogo."

"Nilikuambia unauma. Ulikuwa unaosha kabichi. Ukasema mtoto wangu mimi halii kwa jambo dogo. Nikakaa nao siku mbili, Mama. Siku ya tatu mwalimu aliona siwezi kushika penseli, yeye ndiye aliyenipeleka hospitali."

Nikataka kusema sikujua kama umevunjika. Ni kweli sikujua. Lakini nilikumbuka jambo jingine, na hilo ndilo linaloniunguza kuliko mashine yao. Miaka ishirini nimewasimulia wateja kisa hiki. Nimekisimulia kwa majivuno. Mwanangu alivunjika mkono na hakutoa chozi. Wateja husema, amekufuata wewe huyo. Mimi huongeza figili moja bure.

"Leo ndiyo umesikia kwamba nadanganya," akasema. "Leo, mbele ya watu." Akashuka stesheni isiyo yake.

Novemba 19

Hapokei simu.

Novemba 21

Hapokei. Nimewakasirikia kliniki, saa yao, na yule meneja na faili lake. Hasira hiyo ni tamu, inanipa nguvu za kuinua ndoo. Iko nyingine haina utamu.

Novemba 22, Jumamosi

Siku ya kutengeneza kimchi ya majira yote ya baridi. Kabichi themanini. Kila mwaka Narae huja na buti zake za mpira. Hakuja. Saa tatu akaja Mama Gyumin, amevaa glavu mpya ambazo bado zina karatasi ya bei. Hajui kupaka pilipili, anapaka kama anampaka mtu poda. Hakuniuliza kitu. Jioni nikamfungashia ndoo mbili.

Novemba 25

Kidonda kimefunga. Kimeacha mstari wa kahawia. Fundi vipodozi wa harusi anasema utazibwa. Nimemwambia auache.

Novemba 28, Ijumaa

Amepokea.

Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye karatasi, niyasome bila kukosea. Nilipomsikia anasema "Mama" karatasi ikawa haina maana.

Nikamuuliza, "Ule mkono. Uliuma ngapi?"

Nilisikia anapumua. Nilisikia basi linapita upande wake.

"Kumi, Mama."

Zamani ningesema pole lakini umepona, pole lakini ulikuwa hodari. Nilibana meno.

"Nimesikia," nikasema.

Tukakaa hivyo kwenye simu, hakuna aliyekata, mpaka mteja akaja kuuliza bei ya vitunguu maji nikamfukuza.

Desemba 2

Hanbok yangu ya waridi, vazi letu la sherehe, imefika. Ya Mama Gyumin ni ya buluu.

Desemba 6, Jumamosi

Nimemwozesha mwanangu.

Kabla ya kuanza, mimi na Mama Gyumin tulikuwa tunangoja kuitwa kuwasha mishumaa. Mama mmoja wa upande wao alinikazia macho tayani, nami nikamkazia yeye mpaka akageuka. Nikaenda kumchungulia Narae kwenye chumba cha bibi harusi. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Amesimama mbele ya kioo, fundi yuko nyuma yake amepiga goti, anamvuta kamba za gauni mgongoni.

"Linanibana mbavu," nikamsikia Narae.

"Mabibi harusi wote huvumilia, dada. Ni saa moja tu. Picha zitatoka na kiuno kizuri."

"Linaniuma. Legeza."

"Nikilegeza, hapa mbele patakunjika."

"Pakunjike."

Fundi akasita, akageuka, akaniona mlangoni. Akatabasamu kwa kufarijika, kama mtu aliyeletewa msaada. "Mama, hebu mwambie."

Na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Mwanangu, jikaze kidogo, watu wamejaa. Sitaidanganya karatasi, yalikuwa yameshafika, yote, kwa sauti ile ile. Narae alikuwa ananiangalia kwenye kioo, hapumui.

Nikaingia, nikapiga goti upande wa pili wa fundi, nikashika kamba. Fundo lilikuwa gumu. Nikalifungua kwa meno.